Godzilla Alipopata Mtoto

Katika kisiwa cha kubuni cha Sollgel, baba anamfundisha mwanawe kutema moto. Baba ana urefu wa mita 50, ngozi ya rangi ya mkaa na mapezi yaliyosimama mgongoni. Anavuta pumzi, mapezi yanawaka, na mwale wa mionzi unachomoka kinywani. Mtoto, mwenye mashavu ya mviringo na macho makubwa, anajaribu. Kinatoka kiduara cha moshi, kinaelea, kinapotea. Anajaribu tena, kinatoka kiduara kingine. Mwishowe baba anamkanyaga mkia, mtoto anashtuka kwa maumivu, na moto wa kweli unatoka.

Hayo yamo katika filamu ya Kijapani ya Mwana wa Godzilla, iliyotoka Desemba 1967. Mtoto anaitwa Minilla. Baba ni Godzilla, dubwana lile lile ambalo miaka 13 kabla ya hapo liliiteketeza Tokyo kwenye sinema, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa wameiona Tokyo ikiteketea kweli.

Waandishi, wachoraji na watengenezaji filamu wa nchi nyingi wamewahi kuchukua kiumbe cha kutisha wakakifanya rafiki wa watoto wa chekechea. Kwa haraka haraka, kazi hiyo huonekana ni ya kung'oa meno na kupaka rangi za kupendeza. Godzilla, ambaye Wajapani wamekuwa wakimrekebisha kwa ajili ya watoto tangu miaka ya 1960, anaonyesha kuwa kuna kazi ngumu zaidi ya hiyo. Dubwana hubeba hofu ya watu waliolibuni. Anayelipeleka kwa mtoto analazimika kuitua hofu hiyo ya wakubwa, kisha atafute hofu ambayo mtoto mwenyewe anayo na anaweza kuibeba.

Hofu ya wakubwa

Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika visiwa vya Marshall. Mlipuko huo ulikuwa na nguvu ya megatani 15, karibu mara mbili na nusu ya ile iliyotarajiwa na wanasayansi wake. Meli ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo la hatari lililotangazwa, lakini majivu meupe ya matumbawe yaliyojaa mionzi yaliwaangukia mabaharia wake wote 23. Mwendesha redio wa meli, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 23 mwaka huo huo. Japani nzima ikaingiwa na hofu ya kula samaki.

Wakati huo prodyuza Tomoyuki Tanaka wa studio ya Toho alikuwa akitafuta hadithi ya filamu kubwa. Mwongozaji aliyemkabidhi kazi, Ishiro Honda, alikuwa mwanajeshi nchini China wakati wa vita, na aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima akaona kilichobaki baada ya bomu. Filamu yao, Godzilla, ilianza kuonyeshwa Novemba 3, 1954. Inaanza na mabaharia wanaopigwa na mwanga mkali baharini. Dubwana lenyewe ni mnyama wa kale aliyeamshwa na majaribio ya mabomu ya haidrojeni, na mwili wake umejaa mionzi.

Kila kitu katika utengenezaji wake kililenga kutisha. Ngozi ilifinyangwa ifanane na makovu ya watu walioungua. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube alipata mngurumo kwa kusugua nyuzi za fidla besi kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Mwigizaji Haruo Nakajima alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno kutazama jinsi wanyama wazito wanavyotembea, kisha akavaa vazi la mpira lenye uzito wa takriban kilo 100 na kukanyaga Tokyo ndogo iliyojengwa na mafundi wa Eiji Tsuburaya, bingwa wa picha za hila.

Watoto wamo ndani ya filamu hiyo, lakini haikutengenezwa kwa ajili yao. Katika onyesho moja mama amewakumbatia wanawe kando ya jengo linaloungua, akiwaambia kwamba muda si mrefu watamfuata baba yao. Katika jingine, hospitalini, kipima mionzi kinasogezwa karibu na mwili wa mtoto, kinalia, na anayekishika anatikisa kichwa. Mtazamaji wa 1954 hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameshaviona vifo vya Machi 10, 1945, Tokyo ilipopigwa mabomu ya moto na watu wapatao 100,000 kufa kwa usiku mmoja, au alikuwa na jamaa aliyeviona.

Watoto wanaingia ukumbini

Kilichombadilisha Godzilla kwanza kilikuwa soko. Mwaka 1958 kumbi za sinema za Japani ziliuza tiketi zaidi ya bilioni 1.1. Kisha televisheni ikaingia sebuleni, na kufikia 1972 tiketi zilikuwa zimeshuka chini ya milioni 200. Watu wazima walibaki nyumbani. Walioendelea kuomba kupelekwa sinema walikuwa watoto, na watoto walikuwa wameshampenda dubwana ambalo halikuumbwa kwa ajili yao.

Tsuburaya aliliona hilo mapema. Katika King Kong dhidi ya Godzilla, ya mwaka 1962, alitaka mapigano yawe na vichekesho, ingawa Honda hakuvutiwa sana na mwelekeo huo. Mwaka 1964 Godzilla alishirikiana na madubwana wengine kuilinda dunia dhidi ya Ghidorah, joka la vichwa vitatu kutoka angani. Mwaka uliofuata aliruka-ruka kwa furaha ya ushindi, kwa pozi lililochukuliwa kutoka katuni maarufu ya Fujio Akatsuka ambayo watoto wa shule walikuwa wakiiiga. Studio pinzani ya Daiei nayo ilimtoa Gamera, kobe mkubwa arukaye ambaye, hata katika filamu yake ya kwanza ya 1965, alimwokoa mvulana asianguke kutoka kwenye mnara wa taa.

Mwaka 1966 ulikuwa wa madubwana tupu. Kampuni ya Tsuburaya ilipeleka Ultraman kwenye televisheni, na viwanda vya vinyago vikaanza kuuza madubwana ya plastiki laini ambayo mtoto aliweza kuyaweka mfukoni. Katika vipindi vya Tsuburaya kulikuwa na jambo moja dogo linalofundisha mengi. Garamon, roboti wa uharibifu katika kipindi cha Ultra Q, alirudi katika Ultraman akiwa Pigmon, kiumbe mpole anayewasaidia binadamu. Vazi lilikuwa lile lile la miiba myekundu na mdomo mkubwa. Kilichobadilika ni kimo: Garamon alikuwa na mita 40, Pigmon alikuwa na mita 1. Kiumbe cha kutisha kikifikishwa kwenye usawa wa macho ya mtoto, mtoto anaweza kusimama mbele yake bila kukimbia.

Kwa Godzilla waligusa sura pia. Yule wa 1954 ana macho madogo na mwili mnene. Yule wa 1967 ana macho makubwa na uso uliofupishwa. Minilla, ambaye hafanani sana na baba yake, ana kichwa kikubwa, paji pana, mashavu yaliyojaa na viungo vifupi. Hizo ndizo sifa ambazo mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz alizitaja mwaka 1943 kuwa ndizo zinazoamsha kwa binadamu hamu ya kulea. Mwanabaiolojia Stephen Jay Gould aliandika mwaka 1979 kwamba Mickey Mouse alipitia mabadiliko kama hayo, akawa na sura ya kitoto zaidi kadiri miaka ilivyopita na tabia yake ilivyopoa.

Mtoto anaogopa nini?

Wazazi wengi hukadiria hofu ya mtoto kwa kipimo cha hofu yao wenyewe, na hapo ndipo wanapokosea. Mtafiti Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitumia miaka mingi kuchunguza kinachowatisha watoto kwenye sinema na televisheni. Mojawapo ya tafiti zake ilihusu Hulk, mwanasayansi wa kwenye televisheni ya Marekani ambaye hugeuka jitu la kijani kwa sababu ya mionzi ya gama. Hulk ni mwema, huwaokoa watu. Watoto wakubwa kidogo walilijua hilo. Wao walipata wasiwasi kabla, pale mwanasayansi alipokuwa hatarini, na walipumua jitu lilipotokea. Watoto wa chekechea walikuwa kinyume chake. Waliogopa zaidi pale mtu alipogeuka na jitu lilipojitokeza, kwa sababu wao waliiona sura, na wema uliofichika ndani ya sura hiyo haukuwafikia.

Utafiti wake mwingine ulifuata filamu ya televisheni iliyoonyeshwa Marekani Novemba 1983 kuhusu shambulio la nyuklia dhidi ya mji wa Kansas City. Wengi walihofia watoto wadogo wangeumia. Matokeo yalikuwa tofauti: wadogo ndio walioguswa kidogo kuliko wote, vijana waliguswa zaidi, na wazazi ndio waliotaabika kupita kiasi. Mwisho wa ustaarabu ni wazo, na mtoto wa miaka minne bado hajawa na akili ya kulishika wazo la namna hiyo.

Tafiti hizo mbili zikiwekwa pamoja, kazi ya kumtengeneza dubwana wa watoto inajieleza. Bomu, ambalo ndilo lililomtisha Honda na kizazi chake, mtoto mdogo halimfikii. Meno, ukubwa na kugeuka kwa ghafla vinamfikia mara moja. Ukipunguza meno na kimo, umemwondolea kinachomtisha. Lakini ukiishia hapo, umebaki na mwanasesere. Mtoto ana hofu zake, na anahitaji mtu wa kuzipitia naye.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao wa zamani. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Zanzibar na Askofu Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, yupo Nunda mla watu, paka aliyelelewa ndani ya jumba la sultani mpaka akawa mharibifu wa nchi. Anayemuua ni kitinda mimba, yule mkaa jikoni asiyetazamiwa kitu. Kijana huyo hamfikii Nunda siku moja. Kwanza anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani akishangilia kwamba amemuua Nunda, na mama yake anamwambia siye. Baadaye analeta punda milia, anajibiwa siye. Twiga, siye. Kifaru, siye. Tembo, siye. Kila mnyama ni mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mara kijana anarudi kwa mama yake akiwa mzima. Akifika kwa Nunda mwenyewe, mikono imeshazoea.

Mvulana wa Kawasaki

Filamu iliyoielewa vizuri kuliko zote hofu ya mtoto ilitoka Desemba 1969, na mwongozaji wake alikuwa Honda, yule yule wa 1954. Kwa Kiswahili tungeweza kuiita Shambulio la Madubwana Wote. Ilifungua mpango wa Toho wa maonyesho ya watoto wakati wa likizo za shule, ambapo tiketi moja ilimpa mtoto filamu ya madubwana pamoja na katuni.

Mhusika mkuu ni Ichiro, mwanafunzi wa shule ya msingi katika mji wa viwanda wa Kawasaki. Baba yake anaendesha treni, mama yake anafanya kazi hadi usiku. Ichiro hurudi nyumbani akajifungulia mlango mwenyewe. Jirani mzee, mbunifu wa vinyago, ndiye anayemtupia jicho. Njiani kuna kundi la wavulana wanaomwonea, na kiongozi wao amepewa jina la Gabara. Nje ya dirisha ni moshi wa viwanda, magari makubwa na majengo matupu ambamo Ichiro huokota vipuri vya redio.

Hakuna bomu katika filamu hii na hakuna mji unaobomolewa. Ichiro akilala, huota amesafiri hadi Kisiwa cha Madubwana. Huko anakutana na Minilla, aliyepunguzwa hadi kimo cha mtoto na kupewa sauti ya kuongea. Minilla naye anaonewa, na dubwana linalomwonea linaitwa Gabara. Baba yake, Godzilla, angeweza kumaliza ugomvi kwa pigo moja, lakini anamrudisha mwanawe uwanjani. Minilla anapigwa, anakimbia, anarudishwa tena, anajifunza hila, na hatimaye anamrusha Gabara angani kwa kurukia upande wa pili wa gogo. Ichiro anayatazama yote hayo akiwa amejificha nyuma ya miamba. Baadaye, wezi wawili wa benki wanapomteka na kumpeleka kwenye jengo lililotelekezwa, anatumia alichojifunza ndotoni akawatoroka. Kisha anakabiliana na mbabe wa mtaani.

Mashabiki wengi watu wazima wameidharau filamu hii kwa miaka mingi. Bajeti ilikuwa ndogo, na sehemu kubwa ya mapigano ilichukuliwa kutoka filamu zilizotangulia. Lakini wanaoilaumu hulalamika kwamba dubwana wao amefanywa mdogo, na hawasemi lolote juu ya Ichiro. Japani ya 1969 ilikuwa inakua kiuchumi kwa kasi, wazazi wote wawili walikuwa kazini, na watoto waliobaki peke yao na ufunguo wa nyumba walikuwa jambo la kawaida mijini. Honda aliitazama hofu ya watoto hao kwa umakini ule ule alioitazama nao hofu ya nyuklia. Kubaki peke yako jioni na kupigwa njiani kutoka shule ni mambo mazito kwa mtoto wa miaka minane, na filamu hii inayapa uzito huo.

Tofauti inaonekana zaidi ikilinganishwa na katuni ya Kimarekani ya Hanna-Barbera iliyoanza Septemba 1978. Humo Godzilla ni mlinzi anayeitwa na watafiti wa meli iitwayo Calico kila wanapopata shida, na amepewa mpwa mchekeshaji, Godzooky, anayetema moshi badala ya moto. Ni katuni ya kufurahisha. Hata hivyo Pete, mvulana aliye kwenye meli hiyo, halazimiki kujifunza chochote, kwa sababu kitufe kikibonyezwa Godzilla anatokea na tatizo linakwisha. Minilla anafeli mbele ya watoto na anajaribu tena mbele yao. Godzooky anachekesha tu.

Upole una mpaka

Wapo waliojaribu kurudisha hofu ya kweli bila kuwafukuza watoto. Katika kiangazi cha 1971, mwongozaji Yoshimitsu Banno alimpambanisha Godzilla na Hedorah, dubwana la tope na uchafu wa viwandani. Wakati huo wakazi wa Yokkaichi walikuwa mahakamani wakizidai kampuni za mafuta na kemikali zilizowasababishia pumu; walishinda kesi mwaka 1972. Filamu ya Banno ina vipande vya katuni na mvulana anayempenda Godzilla, lakini ina pia moshi wa Hedorah unaopita juu ya wanafunzi walio kwenye mazoezi, nao wanaanguka wakikohoa. Kwa mtoto wa Kijapani wa mwaka ule, hewa chafu ilikuwa kitu alichokivuta mwenyewe akienda shule. Kwa hiyo Banno hakuwabebesha watoto hofu ya wakubwa. Aliwaonyesha hofu iliyokuwa tayari vifuani mwao. Hata hivyo, watu wanaoyeyuka na kubaki mifupa si onyesho la mtoto wa miaka minne, na mzazi anayelijua hilo atasubiri.

Mfululizo wa kwanza ulikoma mwaka 1975. Godzilla aliporudi mwaka 1984, alirudi akiwa dubwana la kutisha, na tangu hapo sura mbili zimeishi pamoja. Kati ya 2001 na 2003, filamu za Godzilla zilionyeshwa sambamba na filamu za Hamtaro, hamster mdogo wa katuni, kwa tiketi moja. Mwaka 2018 mchoraji Chiharu Sakazaki, aliyebuni pengwini wa kadi za treni za Suica, alimchora Chibi Godzilla kwa ajili ya kitabu cha picha cha watoto wadogo: kichwa kikubwa, tumbo la mviringo, mistari michache. Aprili 2023 Chibi Godzilla akapata katuni yake. Novemba 3 mwaka huo huo ikatoka Godzilla Minus One, iliyorudi kwenye majivu ya vita na mwaka 2024 ikashinda tuzo ya Oscar ya picha za hila. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto anayemtazama wa kwanza na mzazi anayemlilia wa pili.

Mzazi ana njia ya kumsaidia mtoto kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtangazaji wa Marekani Fred Rogers, aliyewahudumia watoto wadogo kwa miongo mingi, aliwahi kuwapeleka watazamaji wake mahali Hulk alipokuwa akirekodiwa. Walimwona mwigizaji Lou Ferrigno akikaa kitini akipakwa rangi ya kijani, hatua kwa hatua. Cantor na wenzake walikitumia kipande hicho katika utafiti na kukuta kinapunguza hofu ya watoto. Kwa Godzilla, picha za Nakajima akiwa amevaa vazi hadi kiunoni, kati ya onyesho moja na jingine, zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Na mtoto akifika umri wa kuelewa, Tokyo kuna ukumbi wa Yumenoshima, uliofunguliwa mwaka 1976, ambamo meli yenyewe ya Daigo Fukuryu Maru imehifadhiwa. Mgeni anaweza kusimama kando ya mbao zake na kuelezwa dubwana lilitoka wapi.

Kwa mwandishi au mchoraji anayetaka leo kuleta kiumbe cha angani au cha maabara kwenye kitabu cha chekechea, mahali pa kuanzia ni kwa watoto wenyewe, kabla ya kushika penseli. Wapo wanaoogopa choo cha nje usiku. Wapo wanaoogopa kuchekwa wakisoma kwa sauti darasani, au kwamba mama akiondoka asubuhi hatarudi. Dubwana lipewe mojawapo ya hofu hizo, lishindwe nayo mara ya kwanza, na mtoto apewe nafasi ya kulisaidia. Macho makubwa na mashavu ya mviringo mchoraji ataviongeza bila shida.